Mkono wa Ambakisye

Subilaga Mwakanjuki alikuwa amekwisha kufunga helmeti pale alipouona mkono wa kaka yake ukishika usukani wa pikipiki ya mtu mwingine.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nje kidogo ya Makambako, kwenye kiwanja cha ndege kilichokufa ambacho wapenzi wa mbio walikuwa wamekifagia na kukipaka chokaa. Upepo wa huko hauna adabu. Ulikuwa unapita katikati ya misonobari na kuwakata watu masikio, na waendeshaji walijipanga wawili wawili wakipigapiga miguu chini kupata joto. Hawa hawakuwa watu wa kulipwa. Walikuwa mafundi, walimu, wauza mbao, muuguzi mmoja wa Njombe. Watu waliojiundia pikipiki zao za umeme uani na kuzileta mara moja kwa mwaka kuona nani atamaliza mstari mnyoofu kabla ya mwenzake. Jumamosi ya mchujo, Jumapili ya fainali, Jumatatu kila mtu kazini.

Jozi iliyokuwa mbele ya Subilaga ilikuwa ya kijana mmoja wa Iringa na mwanamke ambaye hakuwahi kumwona. Mwanamke yule aliachia mshikio wa kulia, akafungua kiganja, kisha akavirudisha vidole kimoja kimoja kuanzia kidole cha mwisho, kama mtu anayeziba matundu ya filimbi. Halafu akafuta kidole gumba pajani.

Ambakisye alishika vitu vyote namna hiyo. Jembe, kijiko, kitasa cha mlango, mkono wa mgeni. Tangu utotoni walimcheka na hakuacha. Mara ya mwisho Subilaga kumwona akifanya hivyo ilikuwa miaka minne nyuma, kwenye mstari huuhuu. Kisha upepo ulimpiga ubavuni, akabana breki ya mbele, pikipiki ikapinduka mbele na kumrusha, na hakuinuka tena.

Taa zikawaka kijani. Mwanamke aliondoka kama jiwe la manati. Koti lake lilipopepea nyuma ya shingo, Subilaga aliona ukingo wa kijivu uliomkaa shingoni kama ukosi wa pili, na hapo akaelewa. Alikuwa amevaa gamba.

Magamba yalikuwa yamezoeleka. Hospitali zilikuwa zikiwavisha waliopooza na wale waliozaliwa na mikono isiyotii. Gamba lilikuwa kitambaa chembamba kutoka shingoni hadi ncha za vidole, kilichosoma kwenye mishipa ya shingo kile ambacho kichwa kinataka, kisha kikaisukuma misuli ikitende. Lakini gamba jipya halijui lolote, ni kama mtoto mchanga. Lazima litiwe nyayo za mtu mwenye mikono mizima, mtu aliyelivaa miezi mingi akila nalo, akifua nalo, akifanya kazi nalo, mpaka likajifunza jinsi mkono unavyoishi. Ambakisye alikuwa mmoja wa watu waliotafutwa kwa kazi hiyo, maana mikono yake ilikuwa myepesi kupita kawaida. Alikuwa amelivaa hata siku aliyokufa. Baada ya mazishi, watu wawili wa kampuni walikuja na shada la maua wakalichukua, na Subilaga aliambiwa limechanika, halifai tena.

Zamu yake ilipofika hakuona hata taa. Mwenzake alikuwa amekwisha kuondoka ndipo naye akavuta moto, akizungusha mshikio wa kulia. Alimkamata katikati ya njia na kumpita, si kwa ustadi, ni kwa hasira tu. Alipomaliza hakungoja kuambiwa kama amefuzu. Aliiegemeza pikipiki kwenye pipa na kwenda moja kwa moja kwenye mahema.

*

Mwanamke yule aliitwa Desderia Kihwele. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, na alipomwona Subilaga akija alisimama na kumwamkia kwa heshima.

"Shikamoo, dada."

Subilaga hakuitikia. Waliokuwa karibu waligeuka kutazama, kwa sababu kumnyima mtu marahaba mbele za watu si jambo dogo.

"Huo mkono umeupata wapi?"

Desderia aliutazama mkono wake kama vile ndiyo kwanza anaonyeshwa. Alisema alipewa gamba hospitali, miaka mitatu iliyopita. Nyayo zilizokuwa ndani yake hakuambiwa ni za nani, na sheria haikumruhusu kuuliza. Kisha akamtazama Subilaga usoni kwa makini, na Subilaga aliona kitu kikimjia.

"Wewe ni mtoto wa Mama Tusekile," Desderia alisema. "Mmefanana."

Hapo ndipo mambo yalipotoka. Mama Tusekile, mama mzazi wa Subilaga na Ambakisye, alikuwa akienda nyumbani kwa Desderia kila mwezi kwa muda wa mwaka mzima. Mara ya kwanza, baada ya kampuni kumwelekeza, alijitambulisha kama mama wa mtu aliyemwachia mikono. Hakuomba kitu. Aliketi jikoni akamwomba binti amenye viazi, na binti alipokuwa akimenya, mama alimwangalia mikono na kulia bila sauti. Tangu hapo wakazoeana. Desderia alimsuka nywele. Walipepeta mchele pamoja.

Subilaga alisikiliza mpaka mwisho, akaenda nyuma ya ghala la zamani na kumpigia mama yake simu.

Mama hakukana. Alisema watu wa kampuni walimfuata baada ya arobaini, wakamwambia nyayo za mwanawe zinaweza kumpa mikono mtu asiyekuwa nayo, naye akaweka dole gumba. Waliandikisha pia dole la Subilaga, lile lililokuwa kwenye karatasi za mirathi. Subilaga aliuliza kwa nini hakuambiwa. Mama akajibu kwamba miaka ile yeye Subilaga alikuwa hashikiki, alikuwa anavunja vikombe, angemwambia lini? Walipandishiana maneno hadi sauti ya mama ikakatika.

"Nakuja kesho na basi la asubuhi," mama alisema mwishowe. "Nisubiri, Subi. Usifanye lolote mpaka nifike."

Subilaga alikata simu. Hakuahidi kitu.

*

Sheria ya magamba ilikuwa wazi: mrithi wa mwenye nyayo anaweza kuziondoa wakati wowote, bila kutoa sababu. Subilaga aliitafuta huduma ya kampuni kwenye simu yake, akaweka dole, na papo hapo jina la kaka yake likatokea, na chini yake maneno mawili: Ondoa. Funika. Alikaa juu ya tairi bovu akiyatazama. Kampuni ilimdanganya, mama yake alimficha, na sasa mtu asiyemjua anakwenda mbio juu ya lami iliyomuua Ambakisye, kwa mikono ya Ambakisye, na watu wanampigia makofi.

Jua lilipoanza kuteremka alirudi kwenye hema la Desderia akiwa na simu mkononi. Akamwonyesha.

Desderia alisoma. Hakulia wala hakupiga magoti, kama Subilaga alivyotegemea. Alivua koti, akafungua vifungo vya gamba shingoni, akalivuta mpaka likamtoka vidoleni. Mikono iliyobaki ilikuwa mikavu, vifundo vimekunjamana, na mara ilianza kurukaruka yenyewe. Kwenye meza palikuwa na kikombe cha chai. Akakiendea. Mkono ulikipita, ukarudi, ukakigonga, chai ikamwagika kwenye magodoro.

"Mama yangu alinilisha mpaka nikawa msichana mkubwa," alisema. "Aliniosha kila mahali. Nilivunja ungo nikiwa sijawahi kujifungia hata kifungo. Sikumwomba kaka yako afe, dada. Na pikipiki sikuipenda mimi. Nilipovaa hii kitu mikono ndiyo ilianza. Nikishika mpini wa ufagio inauzungusha kama mshikio wa moto. Nimekaa nayo mwaka mzima nikiizuia, halafu nikasema, mbona niizuie? Ni mara ya kwanza mwili wangu unataka kitu ukakipata." Alikuwa akitetemeka, na si mikono peke yake, alikuwa na hasira sawa na za Subilaga. "Futa. Ni haki yako. Lakini futa ukiwa unaniangalia."

Subilaga alimwangalia. Dole gumba lilikuwa juu ya kioo. Upepo ulilipiga turubai. Kisha aliirudisha simu mfukoni, na jambo hilo lilimkasirisha zaidi ya yote, kwa sababu alikuwa amekuja na nia kamili.

Alipofika mlangoni mwa hema aligeuka. Alimwambia Desderia kwamba Ambakisye alikuwa na kosa moja. Upepo ukimpiga ubavuni alikuwa akibana breki ya mbele badala ya kulegeza mwili na kuendelea kuvuta. Aliambiwa miaka yote na hakusikia. Kosa hilo ndilo lililomuua, na kama nyayo ni zake, basi limo humo ndani.

Desderia alikuwa akilivaa gamba lake upya, kwa meno na kiwiko. Alisema kampuni ilimhakikishia kwamba siku ile ya ajali imekatwa kutoka kwenye nyayo.

"Halikuwa kosa la siku moja," Subilaga alisema.

"Kesho huenda tukakutana fainali," Desderia alijibu. "Na unataka niogope upepo. Sawa, dada, nimekusikia."

*

Jumapili upepo uliamka mapema. Katika mzunguko wa kwanza Subilaga alishinda jozi yake, na Desderia naye alishinda yake, lakini karibu na mwisho wa mstari dharuba ilivuka kiwanja, na watu wote waliokuwa ukingoni waliona gurudumu lake la mbele likikwama na mkia ukiinuka. Kwa bahati ulirudi chini. Alisimama mbali sana, kwenye nyasi, akakaa pale bila kushuka. Aliporudi alikuja akisukuma pikipiki kwa miguu, midomo imekauka, na hakwenda hemani kwake. Alikwenda kwa Subilaga.

Alisema hakubana yeye. Alitaka kuendelea kuvuta, kichwa kizima kilitaka, na mkono ukafanya wake.

Subilaga alimwambia ajitoe. Desderia akakataa. Alisema maisha yake yote ameambiwa aketi, atulie, atafanyiwa, na kama leo atatolewa basi atolewe na upepo. Subilaga alimwita mpumbavu. Desderia akakubali kuwa ni mpumbavu na bado hakujitoa.

Walikwenda pamoja kwa mwandaaji wa mbio, mzee aliyeitwa Mwalimu Mgaya kwa kuwa alifundisha udereva maisha yake yote. Subilaga alimwomba asogeze fainali hadi alasiri, mama yake awe amefika. Mwalimu alinyoosha kidole kuelekea misonobari iliyokuwa ikiinama. Adhuhuri upepo huo utakuwa mara mbili, alisema, na hapo atafunga kiwanja kabisa. Kulikuwa na saa moja na nusu, si zaidi, na fainali ilikuwa ya wao wawili.

Ilibaki njia moja, ile ya neno la pili kwenye simu: kufunika. Mtu mwenye mikono mizima akivaa gamba na kulifundisha tena, nyayo mpya hukanyaga juu ya zile za zamani, na za zamani hazirudi; na kwa gamba lililokwisha kujua mkono, kazi hiyo ni ya dakika, si ya miezi. Gamba halichagui. Huwezi kuliambia liache breki na kuhifadhi namna ya kushika kijiko. Likianza kujifunza mkono mwingine, mkono wa kwanza unakwenda wote.

Subilaga alisimama kando akiwa na simu. Alijua angeweza kupiga. Basi la mama litakuwa limepita Igawa, mtandao upo. Alijua pia mama angesema nini, na angesemaje, na kwamba akishaisikia ile sauti hatafanya lolote. Lakini hilo halikuwa yote. Ndani yake palikuwa na sauti nyingine ikisema: mlipomgawa hamkuniita. Akazima simu baada ya kuweka dole kwenye neno la pili, Funika.

"Vua," alimwambia Desderia.

*

Lilikuwa bado na joto la mwili wa mwingine. Subilaga alilivuta hadi mabegani, akalifunga shingoni, akahisi mchomo mdogo chini ya kisogo. Kisha akaweka mkono kwenye mshikio, na mkono ukafunguka wenyewe. Kidole cha mwisho. Kinachofuata. Kinachofuata.

Alikuwa pale. Si picha wala kumbukumbu. Uzito wake, haraka yake, ule ujeuri wa kifundo cha mkono aliokuwa nao tangu walipokuwa wakigombania baiskeli moja. Subilaga alifumba macho. Angeweza kukaa hivyo mpaka mama afike. Angeweza kukaa hivyo mpaka afe.

Akawasha, akaingia kwenye barabara ya pembeni iliyokwenda sambamba na kiwanja, iliyo wazi upande wa upepo, na akavuta moto wote.

Dharuba ya kwanza ilipokuja, vidole vya kulia viliruka kwenye breki kabla hajafikiri. Alivipinga kwa nguvu zake zote, pikipiki ikatikisa kichwa, akaponea chupuchupu. Aligeuza akarudi. Upepo ukapiga tena, mkono ukaruka tena. Alikuwa akipigana na mtu aliyemzidi wepesi siku zote, na ndani ya helmeti akaanza kumsemesha.

"Achia," alisema. "Nilikuambia achia. Nilikuambia mbele ya mama, nilikuambia siku ileile asubuhi, ukanicheka. Ukaniambia mimi mwoga. Achia, Amba, unaua mtoto wa watu."

Alikuwa akilia na kumtukana, matusi ambayo hakupata nafasi ya kuyasema msibani, kwa sababu msibani kila mtu alikuwa akimsifia. Miaka minne alikuwa ameikasirikia kampuni, lami, fundi wa breki, Mungu. Hakuwahi kusema kwa sauti kwamba alimkasirikia yeye. Alikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na kila dharuba ule mkono ulichelewa kidogo zaidi, kama mtu anayesinzia katikati ya ubishi. Kisha upepo mkali kuliko yote ulivuka, nao mkono ukabaki palepale, ukivuta.

Subilaga alisimamisha pikipiki. Aliondoa kiganja kwenye mshikio na kukirudisha. Vidole vyote vilifika pamoja.

Alimpelekea Desderia gamba bila kumtazama. Desderia alilivaa, akashika mshikio kwa mkupuo mmoja, akajaribu kusema asante, na Subilaga akamwambia anyamaze, wanachelewa.

*

Kwenye fainali waliondoka wakati mmoja kabisa, hata Mwalimu Mgaya alisema baadaye kwamba hajapata kuona jozi ikiachia mstari hivyo. Katikati ya njia walikuwa bega kwa bega. Upepo ulikuja. Subilaga alilegeza mwili, akavuta, na pembeni yake Desderia alifanya vivyo hivyo. Mwanamke yule alikuwa mwepesi na pikipiki yake ilikuwa nzuri, akapita mstari wa chokaa mbele kwa urefu wa gurudumu. Watu walimbeba. Mtu fulani alimpa Subilaga mkono wa pole, naye akamwambia hahitaji.

Mama Tusekile alifika wakati wanaanza kukunja mahema. Alikuja kwa miguu kutoka barabara kuu, amejifunika kanga mbili kwa baridi, amechoka, na Subilaga alikwenda kumpokea langoni kwa sababu hakutaka aambiwe na mwingine. Hakuanza na salamu.

"Mama, nimemfunika. Hayumo tena."

Mama alisimama. Alimwuliza kama binti ni mzima. Subilaga akajibu ni mzima, na ameshinda. Akamweleza habari ya breki, gurudumu lililokwama, upepo, saa zilizokuwa zinakwisha. Aliyaeleza yote kwa mpangilio mzuri, na kila neno lilikuwa kweli, na mama alimsikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, mama alikaza kanga mabegani.

"Mwanangu nilimzika mara ya kwanza, watu wakanishika huku na huku," alisema. "Leo amezikwa tena, nami nipo njiani, kwenye basi, nakula karanga. Mama yake mzazi sikuitwa."

"Ningekuita ungekataa."

"Ningekataa." Macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Lakini ungeniita."

Subilaga alifungua mdomo amwambie kwamba naye hakuitwa, kwamba wao ndio walioanza. Maneno yalikuwa tayari, yalikuwa ya haki. Mama hakuyangoja. Aliulizia hema la Desderia liko upande gani, akaonyeshwa, akaondoka polepole kwenda kumpa binti wa watu hongera yake, kwa kuwa huyo hakuwa na kosa.